Kamati ya Kuamua Lini

Ipo nchi moja, na ipo kweli, isipokuwa siku za sikukuu ambapo inafungwa. Jina lake nisingeweza kulitaja hata kama ningetaka, maana liko kwenye kamati tangu mwaka juzi na halijarudi. Mimi ni raia wake mtiifu. Kazi yangu ilikuwa kuandika mihutasari ya vikao, na kwa miaka minane niliandika mihutasari ya kamati kubwa kuliko zote, Kamati ya Kitaifa ya Kuamua Lini. Ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona yaliidhinishwa.

Kamati iliundwa kwa jambo ambalo mtu asiyesoma angeliona dogo. Kila anayezaliwa, anayekufa au anayevuka mpaka wa nchi yetu huandikwa katika programu ya kompyuta iitwayo Daftari Kuu. Madirisha ya programu hiyo, yale ya kijivu yanayofunguka kwenye skrini na vitufe vyake na menyu zake, yalikuwa yamejengwa kwa kiunzi cha zamani. Kiunzi, kwa msomaji ambaye hakubahatika kukaa vikao mia tatu na kumi na viwili kama mimi, ni vifaa vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo mtu wa programu hujengea kazi yake, kama fundi wa nyumba anavyonunua fremu za madirisha badala ya kuchonga mwenyewe. Kiunzi chetu kilikuwa kizee. Waliokitengeneza walikwisha kukitupa wakaunda kingine, na hicho kingine nacho wakakitupa. Baraza la Mawaziri likaamua, kwa kauli moja na makofi, kwamba Daftari Kuu lihamie kwenye kiunzi kipya. Kilichobaki kilikuwa ni lini tu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mheshimiwa Polikarpo Lugusha, dakta wa heshima mara tatu, mtu ambaye hata chafya yake ilikuwa na utangulizi.

"Ndugu wajumbe," alisema katika kikao cha kwanza, "kiunzi kipya ni ugali uliotoka jikoni sasa hivi. Mwenye pupa utamchoma. Tungoje upoe."

Mjumbe mmoja, ambaye baadaye alihamishiwa Idara ya Mbegu, aliuliza: "Mheshimiwa, kikishapoa si hakitakuwa kipya tena? Na sera inasema tuhamie kwenye kipya."

"Umeona sasa!" Mwenyekiti alifurahi sana. "Kikiwa kipya hakijakomaa. Kikikomaa si kipya. Hapo ndipo uongozi unapohitajika. Tutasimama pale pale, lakini kwa kasi."

Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kuta za shule zote za serikali, na kila kilipotokea kiunzi kipya zaidi, tulianza kungoja upya tangu mwanzo, kwa moyo uleule.

Sasa, katika kanuni zetu kulikuwa na kifungu cha tisa. Kilisema kwamba hakuna kuhama mpaka mtaalamu wa Daftari Kuu atie saini Hati ya Kutopoteza Kitu, yaani athibitishe kwamba hakuna chochote chenye thamani kilichomo kwenye la zamani kitakachokosekana kwenye jipya. Mtaalamu huyo alikuwa mmoja tu, Bi Asteria Mbawala, na alikaa ghorofa ya tisa. Kila baada ya miezi mitatu fomu ilipandishwa juu, na kila mara ilishuka na maneno yaleyale kwa mwandiko mzuri wa mkono: *Bado. Kuna kitu kimoja hakimo.*

Kamati ilipokea maneno hayo kama watu wanaopokea mvua. Wajumbe walishusha pumzi, sambusa zikaletwa, kikao kikaahirishwa. Kwa miaka minane hakuna aliyeuliza ni kitu gani hicho. Kwetu si adabu kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kumaliza kikao.

*

Mambo yangeendelea vizuri hivyo hivyo kama si Waziri kununua skrini mpya.

Zilikuwa skrini pana, angavu, zenye nukta nyingi ndogo kuliko unga wa sembe, na ziligawiwa kwa vituo vyote vya nchi kwa ngoma na vigelegele. Tatizo lilikuwa moja tu. Kiunzi cha zamani hupima herufi kwa kuhesabu nukta, na nukta zikiwa ndogo, herufi nazo huwa ndogo. Asubuhi ya kwanza makarani wa nchi nzima walifungua Daftari Kuu wakakuta maandishi yamekuwa kama mayai ya chawa.

Serikali haikulala. Ilitoa kioo cha kukuzia kimoja kwa kila mkoa, kitumike kwa zamu. Ikatoa na tamko kwamba herufi hazijapungua, ila wananchi wamesogea mbali nazo.

Makosa yakaanza. Mengi yalikuwa ya kuvumilika, lakini mawili yalitoka Kituo Namba 61, Mlango wa Chumvi, kule mpakani kabisa ambako mtu hufika kwa siku nne. Karani wa huko, Bwana Hemedi Kipingu, alimwandika mama mmoja aliyevuka na mbuzi wake saba kuwa ni mbuzi aliyevuka na akina mama saba. Hilo lilichekwa, likasahauliwa. Mwezi uliofuata akavuka mama mkwe wa Waziri akienda kutibiwa miguu, na Bwana Hemedi akamwandika kuwa magunia mawili ya vitunguu. Hilo halikuchekwa.

Siku iliyofuata ilitangazwa Kanuni ya Makosa Matatu. Karani akikosea mara tatu ataondolewa kazini siku hiyo hiyo, na nyumba ya kituo ataiacha kabla jua halijazama. Na Waziri, kwa hasira za ukweni, akaandikia kamati yetu swali ambalo lilitufanya tuache sambusa zipoe: *Ni kitu gani hicho kisichokuwemo?*

Wajumbe walitazamana. Lifti ilikuwa mbovu na ngazi hazikuwa za hadhi yao. Wakanituma mimi.

*

Lazima nikiri jambo. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya nane. Kwa miaka minane nilisikia juu ya kichwa changu kitu kikikwaruza sakafu asubuhi na jioni, nikadhani ni mabomba. Kilikuwa kiti cha Bi Asteria.

Nilimkuta saa mbili kasoro robo asubuhi, mama wa makamo aliyevaa sweta la kahawia, amekaa katika chumba chenye meza sita. Meza tano zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Wizara, isipokuwa kamati yetu, ilikwisha kuhamia makao makuu mapya, na ghorofa ile ilisahauliwa na wapakiaji kwa sababu iliandikwa mara mbili kwenye orodha, kila kundi likidhani kundi lingine limeichukua.

"Karibu," alisema. "Kaa kiti chochote. Vyote havina watu."

Nikatoa fomu, nikasafisha koo kama tulivyofundishwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti anauliza ni kitu gani hicho kisichokuwemo."

"Miaka minane," alisema. "Ndiyo kwanza mnauliza?"

"Tulikuwa na ajenda nyingine."

"Salamu," akasema. "Kwenye jipya hakuna salamu."

Nikafikiri anatania, lakini alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia mlango. Akanieleza. Daftari Kuu lilipoanza, makarani wa vituo waligoma. Mashine iliwauliza namba na majina bila hata kuwajulia hali, nao wakasema hata mwizi ana adabu kuliko hiyo. Hapo Bi Asteria, akiwa bado binti, akatengeneza dirisha dogo la salamu. Kila asubuhi karani alipofungua Daftari, dirisha lilimuuliza ameamkaje na nyumbani wanaendeleaje. Majibu yalikuja moja kwa moja katika chumba hiki, na ilikuwa lazima binadamu ayajibu ndipo Daftari lifunguke. Walikuwa wajibuji sita. Mchana kutwa chumba kilikuwa kicheko kitupu. Kisha mmoja akahamishwa, wawili wakastaafu, wawili wakafa. Vituoni nako makarani vijana walijifunza kuandika nukta moja tu na kubofya *Endelea*.

"Wote sitini na mmoja wananiandikia nukta," alisema. "Mimi nami nawarudishia nukta. Kasoro mmoja."

Saa mbili kamili skrini yake ikalia. Dirisha la Kituo 61 likafunguka, na ndani yake kulikuwa na maandishi ya herufi kubwa tupu, kama ya mtu anayeandika asichokiona:

MTANI, UMEAMKAJE? AU HUKO KWENU JUA LINANGOJA KIBALI CHA WAZIRI?

Bi Asteria aliinamia kibodi. Sijawahi kuona uso unaobadilika haraka vile. *Limekubaliwa nusu,* aliandika. *Nusu nyingine iko kwenye kamati. Macho je?*

LA KUSHOTO LIMESTAAFU. LA KULIA LINAKAIMU.

*Utani weka pembeni.*

SIWEKI. WATU WA KWENU MKIACHIWA PEMBENI MNAIBA. NAONA HERUFI NIKIGUSISHA PUA. JANA NILIIPANGUSA SKRINI MARA NNE KWA AJILI YA MAFUTA YA PUA. NYUMBANI HAWAJAMBO?

*Nyumbani ni mimi. Sijambo.*

NA HUKU NI MIMI. SIJAMBO. HAYA, FUNGUA, WATU WAMEPANGA FOLENI.

Akafungua. Mazungumzo yote yalichukua dakika mbili. Najua, kwa sababu mshauri mwelekezi aliyeajiriwa na kamati yetu alikwisha kupima muda wa salamu nchi nzima na kuuita hasara kwa taifa.

"Hamjawahi kuonana?" niliuliza.

"Miaka kumi na tisa. Sijui hata kama ni mrefu au mfupi."

"Si umpigie simu?"

Kule Mlango wa Chumvi, aliniambia, simu haishiki. Mnara uko kwenye kamati nyingine. Aliwahi kumwandikia barua, lakini barua ya mtumishi kwa mtumishi hupitia kwa Katibu Mkuu, na hiyo ilimrudia baada ya miezi kumi na minne ikiwa na muhuri na maneno haya: *Salamu zako zimepokelewa na zinafanyiwa kazi.*

Kisha akafanya jambo ambalo lilinivunja nguvu. Akabofya kitu kwenye kona ya skrini, na hapo likafunguka Daftari Kuu jipya, safi, limejengwa kwa kiunzi kipya, herufi zake zikikua na kupungua upendavyo. Alizivuta mpaka neno *Jina* likajaza skrini nzima.

"Nililimaliza katika mwaka wenu wa nne," alisema. "Peke yangu. Dirisha la salamu nililiweka mara tatu, na mara tatu mashine ya ukaguzi ya mshauri wenu ililing'oa. Inasema salamu si takwimu. Hilo la zamani nalo nimejaribu kulikuza herufi. Herufi zinakua, visanduku vinabaki vilevile, majina yanakatika katikati. Haliwezekani."

"Kwa hiyo lipo tayari," nilisema. "Na wewe umekuwa ukiandika bado."

"Kuna kitu kimoja hakimo. Sikusema uongo. Lakini sasa yule akikosea mara moja tu, wanamtoa. Miaka thelathini na moja amekaa kwenye nyumba ile. Mkewe amezikwa uani pale. Atakwenda wapi na jicho linalokaimu?"

Nilitaka kumjibu kitu cha maana. Nilichosema ni kwamba nitalifikisha mbele ya kamati.

*

Nililifikisha, tena kwa ukali ambao haujawahi kuonekana kwa mwandishi wa mihutasari. Niliomba kitu kimoja tu, dirisha la salamu liruhusiwe kwenye jipya. Mwenyekiti alifuta macho kwa leso yenye nembo ya taifa.

"Ndugu wajumbe, nani kati yetu hakulelewa kwa salamu? Salamu ni utu. Salamu ni uti wa mgongo wa umma. Kwa hiyo jambo zito namna hii hatuwezi kuliamua hivi hivi tu. Naunda Kamati Ndogo ya Salamu."

Kamati ndogo ilikaa mchana ule ule, kuonyesha uharaka. Kufikia jioni ilikuwa imegawanyika kati ya *Umeamkaje* na *Habari za asubuhi*, na ikaomba miaka sita ya kutembelea nchi zinazosalimiana. Na karani wa Mlango wa Chumvi je, niliuliza. Mwenyekiti alisema karani huyo awe na subira, na asikosee.

Nikapanda tena ngazi kesho yake. Sikuhitaji kusema mengi, maana Bi Asteria aliusoma uso wangu kabla sijakaa.

"Miaka mingapi?"

"Sita. Kwa kuanzia."

"Leo asubuhi ameniuliza tarehe mara mbili," alisema. "Inaonekana kwenye skrini yake, juu kabisa. Haioni." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari: *Mimi, niliyetia saini hapa chini, nathibitisha kwamba hakuna kitu chochote chenye thamani kitakachopotea.*

"Hilo *chochote*," alisema, "lazima liwepo?"

"Ni fomu, Bi Asteria."

Akatia saini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Mimi niliona haya mpaka masikio yakapata moto, na haya si kitu kinachoingia kwenye muhtasari.

*

Kuhama kulipangiwa Jumatatu. Ijumaa nilipanda juu bila kutumwa na mtu, nikakaa kwenye mojawapo ya viti vile visivyo na watu. Saa mbili kamili dirisha likafunguka.

MTANI, UMEAMKAJE?

*Nimeamka na habari. Jumatatu unapata Daftari jipya. Herufi utazikuza hadi ziwe kubwa kama mikate. Utafanya kazi umekaa kama binadamu, pua ukaitumie kwa mafua.*

ALHAMDULILAHI. Kisha: NA DIRISHA HILI?

*Hili halimo.*

Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati.

WAAMBIE WANGOJE. NITAKODOA.

*Umekodoa vya kutosha. Mama mkwe wa Waziri alinukia vitunguu mwezi mzima.*

ALINUKIA TANGU ANAFIKA. MIMI NILIANDIKA NILICHOSIKIA. Kisha: ULIWAKUBALIA WEWE?

Bi Asteria aliitazama kibodi kana kwamba vitufe vimehamishwa. *Nilisaini mimi,* aliandika.

Nilijua amengoja miaka minane ili asiandike maneno hayo.

KWA AJILI YA JICHO LANGU?

*Nani kakwambia? Nimechoka na matusi yako.*

MTANI.

*Naam.*

JUMATATU UTAKUWA WAPI?

*Hapa hapa.*

HAYA. NITAJUA UKO HAPO. FUNGUA, WATU WAMEPANGA FOLENI.

Hakufungua mara moja. Folenini Mlango wa Chumvi watu walingoja dakika saba zaidi ya kawaida siku ile, na hasara hiyo kwa taifa naamini ipo mahali imeandikwa.

*

Jumatatu taifa lilihama. Waziri alikata utepe uliofungwa kwenye skrini, na skrini ikakwaruzika. Mheshimiwa Lugusha alivishwa nishani ya Uamuzi wa Wakati. Kamati haikuvunjwa, kwa sababu kazi yake ni kuamua lini, na mpaka leo wajumbe wanajadili ni lini hasa tulihama, kama ni siku ya saini, ya utepe, au ya nishani. Mimi niliomba uhamisho. Ombi langu linafanyiwa kazi.

Asubuhi hiyo hiyo, ngoma zikipigwa chini, nilikuwa ghorofa ya tisa. Bi Asteria alikuwa amevaa sweta lake na amefungua Daftari jipya. Lilikuwa zuri, jeupe, na halikusema neno. Saa mbili kamili ilifika, ikapita. Nilitamani nimsalimie tena, ingawa nilikwisha kumsalimia pale mlangoni, lakini nilijua si mimi anayengojwa.

Saa mbili na dakika nne ukatokea mstari mmoja katikati ya skrini.

*Kituo 61. Amevuka: Zainabu binti Mkombozi, miaka 44. Mbuzi: watatu. Ukaguzi: hakuna kosa.*

Bi Asteria aliusoma. Akausoma tena kwa sauti, jina la mama yule, miaka yake na mbuzi wake watatu.

"Anaona," alisema.

Akasogea karibu na skrini, akangoja mstari wa pili.